Safu Mbili

Saa nane usiku, Pasiansi. Pangaboi linazunguka kama mtu asiye na haraka,
na mbele yangu karatasi niliyoigawa kwa rula:
kushoto JICHO, kulia MWIBA.
Brigedia anaitaka asubuhi, kurasa tatu, zisizidi.
"Kapteni Nkwimba, fedha ni hii hii. Gawa."
Kama mtu anayemkabidhi mkwe kisu, wageni kumi, na kuku mmoja.

Naanza na mwiba, maana ndio unaopendwa.
Ndege ya kivita isiyoonwa na rada,
mbawa zimekunjwa pembe kama sambusa,
ngozi inameza mawimbi, hairudishi neno.
Waliosema macho hayana pazia
hawakuwahi kuliona pazia hili.
Rubani Lushinge kabandika picha yake ndani ya kabati,
pale wenzake wanapobandika wachumba.
Nipe moja tu, Kapteni, moja,
na mpaka wetu utalala unakoroma.
Bei yake nimeiandika kwa penseli.
Kalamu ya wino ilikataa.

Halafu jicho.
Ndege nene ya doria, mapangaboi manne,
tumboni watu, mitambo na chupa za chai,
juu sahani ya rada, kama muuza sato wa Kirumba na sinia lake.
Haina sura ya kubandikwa kabatini.
Inazunguka saa tisa, inatua, hakuna anayepiga makofi.

Lakini nakumbuka Machi ile:
rada ya ardhini ikaona kitu kikitoka upande wa Ukerewe,
kinapanda, kinapanuka, hakijibu redio.
Lushinge akarushwa kabla hajafunga kiatu.
Alirudi kioo kimepakwa uji mweusi.
Visubi.
Wametoka majini kwa mamilioni, kwenye harusi yao ya siku moja.
Tulicheka wiki nzima.
Mafuta yaliyoungua hayakucheka; niliyaandika mimi.

Na usiku mwingine, usio na mwezi,
Sajini Holo yuko huko juu mbele ya skrini,
anahesabu taa za wavua dagaa nje ya Igombe,
kwa kupoteza muda tu:
mia mbili na kumi na nne.
Akanywa chai.
Mia mbili na kumi na tatu.
Akahesabu tena.
Watu wanne walitolewa majini wameng'ang'ania dumu moja la mafuta ya kula.
Hao niwatie safu gani?

Ningekomea hapo ningeshinda, ningelala.
Ila jicho hilo nene, likimwona adui anakuja, litamfanya nini?
Litakimbilia wapi na tumbo lile?
Kumwona jambazi dirishani nawe huna hata mchi,
huko ni kuona,
au ni kujiandaa kuwa shahidi?

Miiba sita, jicho moja. Nafuta.
Miiba minne, macho manne: hela ya mafuta imekwisha,
zitakaa bandani kama vyombo vya wageni.
Nafuta.
Miiba miwili. Na mmoja ukiwa gereji?
Nafuta, nafuta,
mpaka karatasi inakonda, taa inapenya.

Kumekucha. Natoka nje kunyoosha mgongo.
Juu ya jabali furukombe, kichwa cheupe, hajifichi kwa yeyote.
Yeye jicho na kucha vilimjia kwa mwili mmoja, bila kikao.
Anajitupa ziwani, naushika ukuta kwa shauku,
anaibuka na maji matupu.

Lushinge anafika na baiskeli, hata salamu hana.
"Ngapi?"
Nampa karatasi.
Katikati, juu ya ule mstari wa rula, ufutio umetoboa tundu.
Anaigeuza, anaigeuza tena,
kisha anaiinua usawa wa jua linalotoka
na kuchungulia.

"Unaona nini?" namuuliza.
Hajibu. Bado anatazama.