Haragwe la Nderingo

Magunia matatu na nusu, tumeyapandisha jana
kutoka shamba la tambarare kwa pikapu ya kukodi,
na leo Uru imeamka na ukungu wake wa Juni:
mlima haupo, mgomba wa kumi haupo,
kuna turubai tu, na maharage juu yake,
na sisi watatu tunaolingojea jua kama deni.

Mama yao amelala. Alirudi alfajiri kutoka zamu ya usiku,
viatu vyeupe mkononi,
akanyata pembeni mwa magunia,
akachomoa haragwe moja, akaling'ata:
"Bado."
Akaenda kulala.

Nsia anachambua. Ana miaka minane na sheria zake:
yaliyotobolewa huku, kokoto kule,
na yale mazuri mno anayatia mfukoni,
hasemi kwa nini.
Nderingo, miaka mitatu, anachambua pia:
analichukua moja, analiweka sikioni,
analisikiliza, analirudisha.

Saa tano jua likachungulia
kama jirani ajaye kuazima chumvi.
Tukageuza. Tukapeta. Makapi yakaruka hadi kwa mbuzi.
Ndipo nikasikia kimya.
Mwenye mtoto mdogo anakijua kimya cha namna ile.

"Baba," Nsia akasema, "ameliingiza."
"Wapi?"
"Puani. Upande wa kulia.
Nimemkataza asiongeze la kushoto."

Nikamwamsha Aikande. Hakuuliza kitu.
Alitoka na kanga, alama ya mto shavuni,
akamlaza mwanawe mapajani,
akaziba tundu la kushoto kwa kidole,
akaweka mdomo wake juu ya mdomo ule mdogo
na kupuliza mara moja, kwa ghafla,
kama anayewasha kuni mbichi.
Likatoka. Likagonga sufuria: ting!
Akafuta pua, akafuta haragwe,
akanikabidhi vyote viwili, mtoto na mzigo wake,
akarudi kulala.

Jioni, majivu.
Mwaka jana kazi hii ilikuwa ya mama yangu:
maganda ya ndizi yaliyokauka na kuchomwa,
jivu lililochekechwa kwa chujio la chai,
bakuli la bluu lenye ufa.
Mabakuli mangapi kwa debe? Sikuwahi kuuliza.
Mtu haulizi jambo analoliona kila mwaka.
Nikasimama na bakuli lake
kama mgeni aliyeingia jikoni bila kubisha.

"Manne," Nsia akasema. "Halafu konzi moja
ya wadudu wasiojua kuhesabu. Bibi ndivyo alivyosema."

Manne, basi. Na konzi.
Lakini konzi ya nani? Ya Bibi ilikuwa kubwa.
Tukatia yake, tukatia na yangu.

Kabla sijafunika, Nderingo akaja na haragwe lake,
amelishika tangu mchana, limelowa jasho.
Nsia akasema halifai, lina makamasi.
Nikasema majivu yanasafisha. Sikuwa na hakika.
Akalitumbukiza, akainama kuliaga,
akapiga chafya, sote tukawa weupe.

Sasa ni Novemba. Debe limefika nusu,
na wadudu, kama wapo, wamekosea hesabu.
Kila tunapopakua, iwe kande au kiburu,
yeye husimamisha kijiko hewani:
"Ni hili?"
"Siyo hilo," mama yake anasema,
anakula haraka, zamu inamsubiri.
"Lako bado liko chini."