Betri Zinakata Roho

Mchezo wangu ulikuwa tayari, ila bubu:
farasi wa mbao wakizunguka gizani,
tiketi zikikatwa na mkono usio na mtu.
Mtunzi wa kwanza akaniletea ngoma ya harusi.
Wa pili, malipo kwanza; mpaka leo kimya.

Kisha Malindi, saa nane mchana, njia ya Maweni,
baiskeli ya aiskrimu ya Mwambire,
betri zikikata roho:
wimbo uleule wa watoto
ukajiburuta, ukapinda, ukashuka nusu sauti,
kama mtu anayecheka huku akikuhesabia siku.
Watoto wakasita, shilingi mkononi.

"Samahani," akasema, "kesho nabadilisha."
Nikaushika usukani.
Usibadilishe. Niuzie huo ugonjwa.

Akafikiri. Akataka mia tano,
na jina lake liandikwe kwa herufi kubwa.