Haipatikani Katika Eneo Lako

Naitwa Darlene, meza ya kumi na saba,
Racine, Wisconsin, zamu ya jioni.
Kazi yangu kuomba radhi
kwa kosa nisilolitenda, kwa dakika sita;
ya saba huhesabiwa dhidi yangu.

Aprili hii simu hazipumui.
Wenye waya na wenye dishi wanagombea besiboli.
Si mchezo wenyewe: wenye suti hawakimbizi mpira.
Wanagombea haki ya kuufikisha mbali,
kwa waliohama miili ikatangulia:
muuguzi wa Boston aliyeolewa Omaha,
mlinzi wa ghala kule Alaska, Detroit mtupu hadi kwenye soksi.

Wenye dishi wameweka fedha mezani
wapewe peke yao, miaka saba.
Sisi wa waya tumesema nasi tutalipa,
tumesema magazetini, kwa herufi nene,
na huku ndani tumegawiwa karatasi:
Mpe pole. Mtajie kifurushi cha filamu.
Usimtaje mpinzani.

Haki.
Nilidhani hudaiwa mahakamani.
Kumbe hukatwa kwa ramani, kama kitambaa dukani,
na anayebaki uchi huambiwa asubiri kwenye laini.

Saa mbili na dakika nne usiku, simu ya Tucson.
Emmett Stachowiak, miaka themanini na mmoja.
Alitengeneza ngozi Milwaukee mpaka kiwanda kikafungwa,
daktari akasema mapafu yake yanataka jangwa.
"Basi nimelifuata jangwa. Mapafu yameridhika.
Sasa niambie kwa nini skrini ni nyeusi."

Nikasoma karatasi. Mechi hiyo haipatikani
katika eneo lako.

"Eneo langu ni lipi, binti?
Nyumba ya mwanangu. Kiti cha mwanangu.
Hata mbwa ni wa mwanangu.
Dishi nalo jumuiya ya mtaa imelikataza,
eti linaharibu sura ya milima.
Changu ni hiyo timu tu,
na tangu nina kaptura haijanipa ila vidonda vya tumbo."

Dakika ya tano.
Nyuma yangu, juu ya mashine ya kahawa,
runinga ya ofisi, imefungwa sauti:
mechi ileile, awamu ya nane.
Huku ndiko kwao, huku inaonekana,
na hakuna anayeitazama
ila fundi mmoja anayebishana na kifuniko cha mtindi.

Dakika ya sita.
Nikageuza kiti.

"Bwana Stachowiak, mrushaji ametema mate.
Anatikisa kichwa. Anatikisa tena."
Nikasikia mbwa wa mwanawe akihema.
"Mkono gani?"
"Kushoto."
"Enhe."

Mimi besiboli siijui. Nilimpa nilichokiona:
mwenye gongo anajikuna goti,
mtoto jukwaani amelala na kofia ya baba yake,
ukungu wa ziwa unaingia juu ya taa.
Alinisahihisha kwa upole, kama mtu
anayemwonyesha mgeni swichi zilipo.
Wakati mwingine alinyamaza
nikajua yuko huko, safu ya kumi na mbili, baridi miguuni.

Kisha awamu ya tisa, wawili wamekwisha kutoka,
yule mnene akaupata barabara.
"Umepanda," nikasema, nimesimama sasa,
waya wa simu shingoni,
"bado unapanda, mdakaji anarudi kinyumenyume,
anarudi, mgongo uko karibu na ukuta—"

"Usiniambie," akasema.
"Ngoja kidogo. Ngoja kwanza."

Nikangoja.
Skrini ilikwisha kupita, watu walikwisha kuruka,
fundi alikwisha kupiga meza kwa kijiko,
na mimi nimeushika ule mpira hewani
kwa ajili ya mzee wa Arizona,
pumzi yake na yangu, bila kulipiwa.

Tathmini ya mwezi ilikuja Ijumaa.
Muda wa mazungumzo: dakika arobaini na moja.
Bidhaa iliyouzwa: hakuna.
Onyo la kwanza, sahihi ya msimamizi,
na pembeni, kwa penseli, mwandiko wa haraka:
Kwani aliudaka?