Jasi

Miaka thelathini niliivunja jasi
kwa baruti na sururu, kule Sorbas,
hata makohozi yangu yakawa meupe,
na Remedios kila asubuhi akikung'uta shuka
kama mtu anayepepeta unga.
Sikujua kama tuna hesabu, mimi na jasi.

Lori lilirudi nyuma. Goko likavunjika mara mbili.
Wakaliunga kwa bamba na skrubu saba,
na chini ya bamba vijidudu vikajenga,
vikatandaza utando, vikakaa
kama wapangaji wasiolipa kodi.
Miaka minne ya usaha.
Vidonge mpaka tumbo likasusa,
sindano mpaka figo zikalalamika;
dawa ilizunguka mwili mzima ikipiga hodi,
ila pale, kwenye mfupa uliokufa, pasipofika damu,
hakuna aliyeitikia.

Daktari Itziar aliukwangua
mpaka ukatokwa vidoa vyekundu, kama pilipili ya unga.
"Hapa ndipo palipo hai," akasema.
Nilikuwa macho, ganzi kiunoni.
Nikasikia akikoroga kitu bakulini,
akakijaza kwenye kibao chenye vishimo, akangoja kigande.
Unga gani huo?
"Jasi. Na vankomaisini ndani yake."
Nilicheka hadi mtu wa ganzi akatazama mashine zake.

Zamani, hospitali nyingine, walinitia shanga za saruji
zilizotungwa kwenye waya;
baada ya wiki sita wakanipasua tena kuzitoa.
Hizi, hapana.
Mgeni siku mbili, ya tatu mpe jembe:
hawa waliingia na majembe yao,
wakalima usiku na mchana,
wakaondoka bila kuaga.

Wiki ya tatu kidonda kikatoa maji meupe.
Remedios akapiga yowe: usaha!
Nikayasugua kati ya vidole, nikayanusa.
Hayakunuka.
Nayajua haya. Ndiyo mvua ya mlimani kwetu
inayoilamba jasi tone kwa tone,
ikichimba mapango chini ya vitanda vyetu
nasi tumelala.

Picha ya Februari: shanga ishirini na mbili, wazi kama mbaazi.
Ya Aprili: ukungu.
Ya Juni, patupu,
ila ukingoni mwa shimo, uzi mwembamba
ambao daktari hakutaka kuuapia.
"Tungoje mwaka," alisema.

Nangoja.
Jioni najikongoja na fimbo hadi uzio wa machimbo.
Malori yanapita, vumbi
linatua kwenye kiatu changu cha kushoto.
Silipangusi.