Kaburi la Ukingoni

Nimeusoma ukurasa ule miaka kumi na mmoja,
hapa Kilembe, katika kanisa la mabati juu ya mto,
kila Pasaka kwa sauti ileile ya kuamsha wenye usingizi:
wanawake wanakwenda alfajiri, jiwe limeviringishwa,
kaburi tupu. Hapo hunyanyua kichwa,
akina mama wakapiga vigelegele, ngoma ikaingia,
kisha sote tukaenda kula kuku na sombe.

Mwaka huu sikuweza.

Katikati ya Kwaresima, usiku, Nyamwamba uliteremka.
Nasema uliteremka kana kwamba ni mgeni wa heshima;
ulikuja na mawe makubwa kama ng'ombe, yakigongana gizani,
ukachukua daraja, kahawa ya Baluku na mikeka yake,
nyumba nne za wachimbaji wa zamani,
na ile safu ya makaburi ya ukingoni
ya watu tuliodhani wamekwisha kuvuka hatari zote.

Kyakimwa hakuwepo. Alikuwa Bwera akimwuguza dada yake.
Hakuna aliyempigia simu. Ungeanzaje?
Mwanawe Muhindo alikwisha kufa mara moja,
kwa homa, akiwa na miaka tisa;
nani angebeba habari ya kumpoteza tena?

Siku ya Pasaka, kabla ya jogoo wa Padri,
nilimwona akishuka na jembe dogo,
kopo la chokaa na burashi mpya.
Kila mwaka hulipaka kaburi lile likawa jeupe.
Nikamfuata mbio, kanzu nimeikunja kwapani,
nikipapasa maneno kama mtu aliyepoteza ufunguo mlangoni pake.

Nilichelewa.
Alikuwa amesimama mahali penye changarawe tu.
"Katekista," akasema bila kugeuka, "hayumo."

Mungu wangu.
Habari ileile ninayoisoma kwa vigelegele,
na kinywani mwa mama huyu
ina matope.

Nilitaka kumwambia juu ya ufufuo.
Nilikuwa nayo yote, kwa mpangilio, tangu chuo cha makatekista.
Nikanyamaza,
na nadhani kunyamaza kule ndiyo sala pekee
niliyoisali sawasawa tangu Jumatano ya Majivu.

Tulikaa juu ya jiwe mojawapo la yale mageni.
Huko juu wingu likafunguka, theluji ya Rwenzori ikachungulia,
wingu likafunga.
Akauliza, "Bwana alipotoka mle, alijuaje njia,
na kulikuwa bado giza?"
Nikasema sijui.
"Na wewe ndiye katekista!"
Tukacheka. Ndiyo, palepale tulicheka,
naye machozi yanamshuka hadi kidevuni.

Kisha akachungulia kopo. "Nimekwisha kuikoroga. Itaganda."
Akapanda mteremko hadi ukuta wa shule,
pale matope yalipoacha alama, pale maji yalipokoma,
akachora mstari mweupe.
Akachora mwingine kwenye mwamba,
mwingine kwenye mkaratusi.
"Mtoto wa mtu asilale chini ya hapa," akasema.
Nikamshikia kopo.

Kengele ilitukuta kwenye mti wa saba.
Niliingia na udongo magotini,
vidole vyeupe, nikakichafua kitabu.
Nilipofika kwenye maneno yale, nikakwama.
Benchi la nyuma, Kyakimwa akainua kidole chenye chokaa
kama mwalimu anayemngoja mwanafunzi mzito.
Nikasoma taratibu, neno baada ya neno,
kama ninayeyaona kwa mara ya kwanza na kuyaogopa.
Hakuna aliyepiga kigelegele.
Nje mto ulinong'ona, mwembamba, kama haukufanya kitu.

Ndipo mtoto wa Baluku akauliza kwa sauti,
Misa ikiwa katikati, mama yake akimfinya:
"Na ile mistari mieupe kwenye miti, ni ya nini?"

Nilikuwa nimefungua kinywa.
Kyakimwa akanitangulia:
"Tukitoka hapa, njoo nikuonyeshe."