Siku ya Miguu ya Mtu Mwingine

Jumatano, kabla hata sijafika msikiti wa Ganda,
nilishuka nikakagua tairi la nyuma.
Nikalibonyeza kwa dole gumba: gumu kama nazi.
Nikainua gurudumu, nikalizungusha, tiki tiki tiki,
halina kinyongo na breki, halina kinyongo na mtu.
Basi ni mimi.

Kakuyuni hadi Malindi mjini, miaka tisa,
barabara ileile, baiskeli ileile nyeusi
aliyoniachia shemeji Mwaro;
kila shimo nalijua kwa jina la utani.
Jana nilifika kibandani nikipiga mbinja,
nikachonga funguo saba kabla ya chai.
Leo pedali inapanda kama ndoo ya kisimani
na anayevuta kamba amesinzia.

Nikajihoji kama askari amhojivyo mwizi wa kuku.
Ulilala? Nililala.
Saa ngapi? Sawa, jirani ana matanga, spika zilikesha,
lakini Ijumaa pia zilikesha, na Jumamosi nilipaa.
Ulikula? Muhogo na chai ya rangi.
Unaumwa? Siumwi. Una deni? Nani hana?
Una huzuni?
Hapo nikainama kutazama mnyororo.
Mnyororo nao haukuwa na la kusema.

Wakanipita.
Watoto wawili wa shule juu ya baiskeli moja, wakanipita.
Muuza makuti, mzigo mpana kama paa lenyewe, akanipita.
Mbuzi, nasema kweli, alitembea nami hatua kadhaa
akachoka kuningoja.
Kisha kengele nyuma yangu, na nikajua:
Nyevu, na madumu yake manne ya maziwa,
ambaye kila asubuhi mimi ndiye ninayempita hapa
nimeinamisha kichwa kidogo, kama mtu mwenye haraka ya maana.
Alipunguza mwendo. Hakucheka.
"Leo ni yako," akasema. "Yangu ilikuwa Jumatatu.
Hukuiona, ulikuwa umeshapita."
Akaenda zake. Madumu yakaendelea kuongea,
dugu, dugu, dugu, hadi konani.

Karibu na mji nikauona moshi wa tanuri la mikate.
Kila siku huinama kuelekea baharini
kama mtu aliyeangusha sarafu.
Leo umesimama wima, uzi uliofungwa mbinguni.
Upepo wa bara haujaamka.

Miaka tisa.
Mkono mgongoni mwangu miaka tisa
nami nikiuita paja.
Na jioni upepo ukigeuka, ukitoka majini kwenda mashambani,
mkono uleule unanirudisha nyumbani,
nikaegemeza baiskeli ukutani, nikamwambia Mitsanze:
mumeo bado chuma.

Lakini sitaki kujidanganya mara ya pili;
hesabu haikutimia.
Upepo ulikosekana kwa wote,
na maziwa yalipita, na makuti yalipita.
Kuna kilichobaki chini ya mizani, hakina jina.
Labda mwili nao huchukua likizo
bila kuandika barua.

Kibandani, mteja wa kwanza alileta ufunguo
niliomchongea mwenyewe mwezi jana.
"Jana ulifungua. Leo umekataa."
Nikauinua kwenye mwanga. Meno yote yapo.
Kitasa je? Hakijaguswa na mtu, akaapa.
Siku nyingine ningewasha mashine,
ningeusugua kidogo hapa na pale, nikatoza hamsini.
Nikamrudishia.
"Kaujaribu tena kesho," nikamwambia,
na alipoondoka, akinung'unika,
nikavuta kiti hadi mlangoni
nikaianika ile miguu juani
kama nguo za mgeni.