Mkunjo wa Tatu

Waya ulikatika mkunjo wa tatu,
tik, kama njiti ya kiberiti,
na Nkwabi akanitazama mimi badala ya waya.
Hakuwa ameuvuta kwa hasira.
Shaba yenyewe tuliitoa kwenye mota ya mashine ya kusaga
iliyoungua Isevya wiki ya mvua za kwanza,
nyekundu, haina doa.

"Dada Shija, imeoza?"
Hapana.
"Imechoka?"
Hata hilo silo. Imejaa.

Geuza ndoo ukae.
Umewahi kupanda lile jabali la njia ya Sikonge
ukatazama chini mashamba ya tumbaku?
La kina Masesa, matuta yanaelekea barabarani.
La jirani yao yanaelekea kisimani.
Pale yanapokutana, hakuna tuta linalolijua jingine.
Shaba ndivyo ilivyo ndani.
Niliiona kwa macho yangu, chuoni,
baada ya kuisugua kwa msasa mpaka ikawa kioo
na kuionjesha tindikali kidogo:
mashamba, mashamba, mashamba,
kila moja na mwelekeo wake,
na kati yao mpaka mwembamba kama ufa wa sahani.

Sasa, ndani ya shamba, mahali fulani,
mkulima alikosea.
Tuta moja limeanza vizuri, likaishia katikati,
na mengine yamejibana kuziba aibu.
Kosa hilo darubini ile haikulifikia,
ila ndilo linalokunja bangili.
Ukivuta, matuta yote hayahami kwa pamoja
(nani ana nguvu hizo?).
Linahama lile lililokatika tu:
linakwapua nusu ya jirani yake,
jirani anabaki yeye ndiye kipande,
naye anamfanyia vivyo hivyo wa pili,
na kasoro inalivuka shamba zima
kama kiwavi juu ya jani, nundu moja tu.
Huo ndio ulaini. Shaba isiyo na kosa
ingekuvunja kidole kabla ya kukubali kupinda.

Kisha inafika mpakani.
Ng'ambo, matuta yanaelekea kisimani.
Hakuna pa kushika. Inasimama.
Ya pili inakuja, inasimama nyuma yake.
Ya tatu. Ya kumi.
Foleni, kama mabehewa ya mizigo pale stesheni
siku njia ya Kigoma inapofungwa.
Na kila mkunjo unazaa nyingine,
zinapishana, zinafungana miguu,
mpaka hakuna pa kuweka unyayo.
Mara nyingine msukumo unapenya,
na kosa jipya linaamka shambani kwa mtu mwingine.
Mara nyingine mpaka unazimeza, kimya.
Na mara nyingine, tik.

Kaka yangu na jirani yake wamefikishana baraza la kata
kwa hatua mbili za ardhi. Mimi sijasema kitu.
Ila nimeuona waya wa mashamba madogo madogo, mipaka tele,
ukibeba mzigo uliomlegeza mwenzake
mwenye mashamba mapana.

Basi washa mkaa. Puliza.
Usitazame saa, tazama rangi:
wekundu wa tofali likiwa bado tanuruni, usiku.
Hapo mashamba ya zamani yanafutika,
yanaota mapya, hayana foleni.
Lakini usilewe moto. Ukizidisha,
makubwa yanayala madogo,
na siku ya kukunja ngozi ya shaba inavimba
kama ganda la chungwa.
Nilimharibia mama Kalunde bangili namna hiyo, mwaka juzi.
Aliivaa vivyo hivyo,
upande mbovu akaugeuzia ndani.

Nkwabi akauzamisha majini. Tsss.
Akakunja. Mkunjo wa kwanza, kama uzi.
Wa pili.
Kwenye wa tatu akasita, akanitazama tena.

Usinitazame mimi.
Sikiliza kidole gumba.
Kikianza kubishiwa, jua mpakani kumejaa.